Tupeane uzoefu: Slaidi za PowerPoint kwa anayeanza, zisikuangushe ukumbini

Malimbe Kona
Wakuu wa Kanda ya Ziwa, salaam. Msimu wa kutetea ripoti umefika, na steshenari za huku Malimbe hadi Nyegezi zimejaa watu wenye flashi mkononi. Kilichonisukuma kufungua uzi huu ni kuona tena utafiti mzuri umebandikwa kutoka Word kwenda PowerPoint aya kwa aya. Kila anayeijua hii programu aweke anachokijua, kwa hatua, anayeanza leo asome aelewe.

Naanza na msingi. Ukifungua slaidi mpya usikimbilie Text Box. Tumia visanduku vinavyokuja na slaidi yenyewe, vile vyenye maandishi Click to add title. Visanduku hivyo vimefungamana na Slide Master. Ukienda View, Slide Master, ukabadili fonti au rangi kwenye ile slaidi kubwa ya juu kabisa, slaidi zote zinafuata kwa mkupuo. Maandishi uliyoweka kwa Text Box yanabaki na ukubwa na mpangilio wake, utayafuata moja moja usiku kucha. Ndani ya kisanduku, Tab inashusha nukta ya orodha (bullet) ngazi moja, Shift na Tab inaipandisha. Ctrl+M inaleta slaidi mpya, Ctrl+D inanakili ile uliyoichagua.

Namba za slaidi: Insert, Slide Number, weka tiki hapo na kwenye Don't show on title slide, kisha Apply to All. Usizidharau. Mtahini atakuambia "turudi slaidi ya 7", nawe ukiwa kwenye onyesho unabonyeza 7 kisha Enter, umefika.

Kirumba Mwaloni
Nakazia hapo kwenye Slide Master. Nusu ya kazi iko pale.

Mwalimu Igoma
Asante mtoa mada. Naongezea ukubwa wa maandishi. Kichwa 36 hadi 40, maelezo 28, na usishuke chini ya 24. Shida ni kwamba PowerPoint inapunguza maandishi yenyewe bila kukuuliza. Ukiendelea kujaza kisanduku, 28 inakuwa 24, inakuwa 20, wewe unafurahi kwamba yameenea. Hapo pembeni chini ya kisanduku hutokea kitufe kidogo cha AutoFit. Kibonyeze, uchague kugawa maandishi kwenye slaidi mbili. Kisanduku kilichojaa maana yake slaidi ina hoja mbili.

Mfano wa mada ya dagaa. Usiandike "Kuanika dagaa kwenye mchanga husababisha uchafu kuingia na kushusha ubora hivyo bei kuwa ndogo sokoni, ilhali kuanika kwenye vichanja..." Kichwa kiwe: Vichanja vinatoa dagaa safi kuliko mchanga. Chini yake weka picha mbili, mchanga kushoto, kichanja kulia. Maneno mengine yasemwe kwa mdomo, na uyaandike kwenye Notes chini ya slaidi, ambako wewe unayaona na ukumbi hauyaoni.

Kipimo cha haraka: fungua View, Slide Sorter, pale slaidi zote zinapoonekana kwa pamoja zikiwa ndogo, ukubwa wa 66%. Usichoweza kusoma hapo, mtu wa kiti cha nyuma hatakisoma.

Ngosha wa Takwimu
Mwalimu, kuna kanuni ya Guy Kawasaki, yule mwekezaji na mwandishi wa Marekani: slaidi 10, dakika 20, maandishi yasiwe chini ya 30. Watu waifuate hiyo, yameisha.

Mwalimu Igoma
Ndugu yangu, Kawasaki aliiweka kanuni hiyo kwa wanaoomba mtaji kwa wawekezaji. Kutetea utafiti ni jambo jingine: mtahini anataka mbinu, sampuli, majedwali, matokeo. Slaidi 10 hazikutoshi. Chukua hiyo 30 ukiweza, hiyo 10 iache.

Ngosha wa Takwimu
Anayeshindwa kusema kwa slaidi 10 hajaielewa kazi yake. Sibadili msimamo.

Dada wa Capri Point
Mkimaliza kubishana, rangi. Kumbi nyingi za upande huu zina madirisha makubwa yanayotazama ziwa, na semina zinafanyika mchana. Projekta haina uwezo wa kutoa weusi. Sehemu nyeusi ya slaidi ni sehemu ambayo projekta haikupeleka mwanga, kwa hiyo unachokiona ni rangi ya ukuta ulivyo wakati huo. Ukuta ukipigwa na mwanga wa dirishani, ile slaidi yako ya bluu iliyokoza yenye maandishi ya kijivu inafutika. Ukumbi wenye mwanga: mandhari meupe, maandishi meusi au bluu iliyokoza. Ukumbi wa giza kabisa ndiyo geuza. Njano juu ya nyeupe usiiguse popote, na nyekundu juu ya bluu inaumiza macho.

Kirumba Mwaloni
Slaidi nyeupe na maandishi meusi kama sare ya shule, huwezi kukosea popote uendako.

Nyakato Digital
Nani atoe ufafanuzi wa 16:9 na 4:3, yaani uwiano wa upana na kimo cha slaidi? Kila mtu anasema lake. Mimi nasema 16:9 ndiyo ya kisasa, 4:3 imekufa.

Fundi Projekta
Haijafa, mkuu. Projekta nyingi za zamani kwenye kumbi zetu ni za nukta za picha (pixel) 1024 kwa 768, yaani 4:3. Slaidi ya 16:9 ikitua hapo inatumia 1024 kwa 576 tu, robo nzima ya kioo inabaki mikanda meusi juu na chini. Ukigeuza, slaidi ya 4:3 kwenye kioo cha 16:9, unapoteza robo hiyo hiyo kwa pembeni. Kwa hiyo uliza ukumbi kwanza, kisha Design, Slide Size, KABLA ya kuandika chochote. Ukibadilisha baada ya kumaliza itakuuliza Maximize au Ensure Fit. Maximize inakata kingo, Ensure Fit inavipunguza vitu. Vyovyote utakavyochagua, pitia slaidi zote upya.

Ila hayo ya kioo ni madogo. Ngoja niwaeleze kinachotisha kuliko vyote.

Warsha moja hapa mjini, ukumbi umejaa: wavuvi, wachakataji, maofisa wa idara. Mtoa mada ni mtu wa heshima zake. Slaidi ya jina imepita, yuko kwenye malengo, katikati ya sentensi slaidi ikaruka yenyewe. Akairudisha kwa mshale. Ikatulia kidogo, ikaruka tena. Akaona tatizo ni rimoti, akaitoa betri, akaiweka mezani. Slaidi zikaendelea kwenda. Sasa mtu anazungumzia mbinu za utafiti, ukutani kuna matokeo. Akaharakisha maneno azikimbilie slaidi, zikamshinda. Nyuma ya ukumbi wameanza kunong'onezana, mmoja ameshasema hapa kuna mkono wa mtu. Ilifika slaidi ya Asanteni, kioo kikawa cheusi, juu yake mstari mmoja: End of slide show, click to exit. Mzee wa watu kasimama, hajafika hata nusu ya mada.

Buzuruga Mzalendo
Aisee! Hiyo ni virusi moja kwa moja.

Nyakato Digital
Kuna mtu alishika rimoti nyingine ya aina hiyo hiyo. Wivu wa kazini huo.

Kirumba Mwaloni
Mimi niko na aliyesema mkono wa mtu. 😂 Fundi tuambie mwisho wake.

Fundi Projekta
Hakuna virusi wala mkono wa mtu. Kuna kitufe kwenye Slide Show kinaitwa Rehearse Timings. Unafanya mazoezi, programu inahesabu sekunde ulizokaa kwenye kila slaidi. Mwisho inauliza kama ihifadhi muda huo. Ukijibu Yes, umeiamuru kesho yake ijiendeshe kwa kasi ile ile. Ukifanya mazoezi chumbani peke yako unakwenda haraka kuliko ukumbini, kwa hiyo zitakukimbia.

Dawa ya hapo hapo, mbele za watu: bonyeza herufi S. Onyesho la kujiendesha linasimama, unaendelea kwa mshale. Ukiwa bado hujaanza: Slide Show, ondoa tiki kwenye Use Timings. Dawa ya kudumu: nenda Slide Sorter, Ctrl+A, fungua Transitions, ondoa tiki kwenye After, bakiza On Mouse Click. Usitumie Apply To All pale, maana inabeba na madoido ya slaidi hiyo kuyapeleka kwa wenzake wote. Fanya mazoezi kwa muda, ni jambo jema, lakini programu ikikuuliza kuhifadhi muda jibu No.

Malimbe Kona
Hiyo ya S sijawahi kuona mtu anaifundisha. Jamani iandikeni mahali. Na wenzake: F5 kuanza mwanzo, Shift+F5 kuanzia slaidi uliyopo, B kufanya kioo kiwe cheusi watu wakutazame wewe, B tena kurudisha. Kwenye laptopu nyingi F5 inataka ushike na Fn.

Buzuruga Mzalendo
Basi animesheni zote zifutwe, ndizo zinaleta balaa.

Dada wa Capri Point
Usichanganye. Animesheni si muda. Appear peke yake, On Click, ina faida kubwa: unaonyesha mstari mmoja wa grafu, unaueleza, unabonyeza unakuja wa pili. Zinazozunguka na kudunda ndizo za kufuta.

Buzuruga Mzalendo
Bado nasema zifutwe. Ukizigeuza PDF zinakufa zote hata hivyo.

Mama Steshenari
Wanangu, mmeruka flashi na hapo ndipo kazi zinapofia. Msifungue faili ndani ya flashi mkaanza kulihariri humo. Nakilini kwenye Desktop, hariri, Ctrl+S, funga, ndipo mrudishe kwenye flashi na kuitoa kwa Eject. Umeme ukikatika faili liko wazi ndani ya flashi, linaweza lisifunguke tena.

Mkikuta mafolda yamegeuka njia za mkato zenye kimshale, msibonyeze hata moja. Faili zenu zipo, zimefichwa tu. Anayejua kutumia Command Prompt aandike attrib -h -r -s /s /d F:\*.* na F iwe herufi ya flashi yake. Faili zitaonekana, halafu pigeni antivirusi kabla ya kunakili chochote.

Faili kuwa zito ni picha za simu. Picha moja ya nukta 4000 kwa 3000 inaweza kuwa MB 3 hadi 5, na kuipunguza kwa kuvuta kona hakupunguzi uzito hata kidogo, picha nzima bado imo. Bonyeza picha, Picture Format, Compress Pictures, ondoa tiki ya Apply only to this picture, acha ya Delete cropped areas, chagua 150 ppi. Faili la MB 80 linashuka vizuri sana. Na mkitumiana picha za slaidi kwa WhatsApp tumeni kama Document, zikienda kama picha zinakondeshwa.

Nyakato Digital
Simu yenye WPS, ile programu ya kuhariri slaidi na hati, inatosha jamani, laptopu za nini?

Mwalimu Igoma
Kwa kuandika na kupanga hoja inatosha. Kwa kumalizia, hapana. Fonti iliyopo kwenye mashine yako ikikosekana kwenye ya ukumbi, inawekwa nyingine, mistari inahama, maneno yanatoka nje ya kisanduku. Kwenye kompyuta nenda File, Options, Save, weka tiki Embed fonts in the file. Wanaotumia LibreOffice Impress, programu ya bure ya slaidi, wasiogope sana fonti ya Calibri, ipo Carlito yenye herufi za upana ule ule. Na kila mtu abebe PDF pembeni. Ikishindikana yote, PDF itafunguka.

Ngosha wa Takwimu
Jambo moja zito halijasemwa. Grafu ukiinakili kutoka Excel na kuibandika, chaguo la kawaida ni Link Data. Faili la Excel likibaki nyumbani, grafu inaonekana lakini Edit Data inagoma. Watu wanakimbilia Embed Workbook kuondoa hilo, kumbe wameingiza kitabu KIZIMA cha Excel ndani ya slaidi. Anayepokea slaidi zako anabonyeza Edit Data, anaona kurasa zote: majina ya waliohojiwa, namba zao za simu, malipo ya wasaidizi. Slaidi za kugawiwa watu, bandika grafu kama Picture. Kama unataka iharirike, Insert, Chart, ujaze zile namba za grafu tu. Waliokuamini wakakujibu dodoso wanastahili ulinzi huo.

Mwalimu Igoma
Hapa nakuunga mkono kwa asilimia zote, Ngosha.

Nansio Kwetu
Wabeja sana. Nina video ya kichanja, nawasilisha upande wa pili wa ziwa, projekta yao ni ya waya wa VGA. Sauti itatoka?

Fundi Projekta
VGA haibebi sauti, picha tu. Beba waya wa 3.5 mm kutoka tundu la headphone la laptopu kwenda kwenye mixer au spika ya ukumbi. Ukipata HDMI sauti inapita humo humo, ila itatokea kwenye kispika cha projekta. Isipotosha, bonyeza alama ya spika kwenye Windows uirudishe kwenye laptopu. Laptopu yako ikiwa na USB-C pekee, adapta ya VGA inunue Mwanza kabla ya kupanda meli.

Video iwe MP4. Iingize kwa Insert, Video, na hakikisha hukuchagua Link to File, la sivyo itabaki kwenye kompyuta ya nyumbani. Ukiwa na shaka, File, Export, Package Presentation for CD, kisha Copy to Folder, ubebe folda nzima. Ukifika, Windows+P, chagua Duplicate. Ukitaka kuona Notes zako peke yako chagua Extend. Umeme ukikatika na kurudi, projekta ya taa ya kawaida inaweza kukataa kuwaka mpaka ipoe, usiipige wala kuzima na kuwasha mfululizo.

Nansio Kwetu
Adapta hiyo naipata wapi, maduka ya Makoroboi au Rock City?

Nyakato Digital
Popote, lakini nenda na laptopu yako, waichomeke kwenye kioo cha dukani uone picha kabla ya kulipa.