Mrejesho: mwaka wa babu umepatikana (na jingine tusilolitarajia)

Wakuu, nimerudi. Niliuliza nitaujuaje mwaka aliozaliwa babu huko Songea, maana shangazi alijua tu kwamba wakati wa Maji Maji (1905–1907) alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Aliyenielekeza parokiani, ubarikiwe! Katibu alinifunulia kitabu cha ubatizo, Kilatini kitupu, wino umefifia. Babu alibatizwa ukubwani, hivyo mwaka wa kuzaliwa wamekadiria: 1906. Lakini pembeni ya jina lake wameandika na ndoa, tarehe kamili, na jina la mke silo la bibi yetu! Shangazi kuulizwa, akacheka, akaomba chai. Tarehe ya kufariki tumeitoa msalabani, kaburini. Jumapili tunamwombea misa.