Naombeni ushauri: rubani kaambiwa apige simu mnara wa kuongozea ndege

Wakuu naombeni ushauri, mdogo wangu ana leseni ya rubani binafsi huko Marekani, juzi akiwa angani muongoza ndege kamwambia kwenye redio huenda kakiuka sheria, akitua apige namba fulani. Mpaka sasa hajapiga, anaogopa simu inarekodiwa na atakachosema FAA (mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani) watakitumia dhidi yake. Mi nimemwambia kwanza ajaze ile ripoti ya usalama ambayo marubani huituma NASA (shirika la anga za juu la Marekani) ndani ya siku 10, maana kama hakukusudia na hakuna ajali inaweza kumkinga asifungiwe leseni hata wakimkuta na kosa, afu atunze data za GPS zisifutike. Ila hiyo simu sasa, apige mwenyewe kwa upole au atafute wakili kwanza? Mliopitia hili mlifanyaje, dogo halali kabisa