Naombeni andiko la kunipa ujasiri, nimefika mwisho (niko Mbeya)

Mwana Uporoto: Habari wakuu. Mimi mkulima wa viazi huku Isyonje, nimeokoka tangu 2011, nina mke na watoto watatu. Mwaka huu nimepigwa. Nimeweka viazi ekari mbili, mvua ikashika wiki mbili hakuna jua, asubuhi moja nakuta majani yana madoa kama yamemwagiwa maji ya moto, ukigeuza kwa chini kuna ukungu mweupe, siku nne mbele shamba lote jeusi na linanuka. Usiku silali, nasikiliza mabati tu. Nikipiga magoti maneno hayaji, nabaki Bwana, Bwana, basi. Naomba maandiko ya ujasiri, na je nifunge siku ngapi, tatu kavu au saba? Matusi sitaki.

Mama Atu: Pole sana baba. Habakuki 3:17 na kuendelea, nabii anataja mtini, mizabibu, mzeituni, mashamba, mpaka zizi halina ng'ombe, na bado anasema atamfurahia Bwana. Halafu usifunge kwanza, KULA. Eliya katoka kushinda pale Karmeli, Yezebeli katuma neno tu la kumtisha, huyo mbio hadi chini ya mretemu anaomba afe. Malaika hakuja na mahubiri, alikuja na mkate wa makaani na gudulia la maji, Eliya akala akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili. Ndipo safari. Bibi yangu wa Rungwe alikuwa Moravian wa kale, wale waliofika pale 1891 ndio walimbatiza babake, huyo bibi ukimfuata unalia anakuuliza umekula?

Mzee wa Lumbesa: Ulipiga dawa lini? Ukisubiri uone doa umeshachelewa, mvua ikishika unapiga ya kinga kila wiki. Mimi mwaka ule wa njegere nilijifanya mjuaji nikaruka wiki moja tu, acha kabisa.

Kamwene Ipogolo: Mkuu hasara ya shamba sote tunaijua, mimi nyanya zimeniozea nikalia, nikala ugali, nikalala. Wewe hulali kwa nini? Kuna kitu unakizunguka. Mtaji ulitoa wapi?

Mwana Uporoto: Nilikopa.

Kamwene Ipogolo: Kwa nani?

Mwana Uporoto: Nilijua mtafika huko. Mimi ni mweka hazina wa kwaya, kanisa sitalitaja, tulikuwa tunachanga pesa ya kinanda miaka miwili, imefika milioni moja na laki nane ipo ndani kwangu, msimu ukakaribia sina kitu nikaona niizungushe miezi minne halafu niirudishe na ziada nitoe shukrani, nikanunua mbegu gunia sita, mbolea, dawa, vibarua, ndio hivyo. Jumapili ya mwisho wa mwezi tunasoma mapato na matumizi. Lakini sikuiba, NIMEAZIMA. Na mpango ninao, kesho alfajiri naenda Tunduma kuna kazi ya kushusha mizigo, miezi miwili nitakuwa nimeirudisha, nitawaambia nauguza. Nilichoomba ni andiko tu.

Boda la Tunduma: Niko hapa hapa. Upate hiyo pesa kwa kushusha malori miezi miwili? Labda umshushe na dereva 😂

Mtumishi Asiyechoka: Zakayo alirudisha mara nne, wewe hata mara moja hujafika. Tubu.

Mama Atu: Mwacheni. Baba, mkeo anajua?

Mwana Uporoto: Anajua nilikopa kwa shemeji.

Chai ya Rangi: Jamani mnanyweshwa chai na mnaomba kikombe cha pili. Ekari mbili kwa gunia sita za mbegu? Ekari moja tu inakula gunia nane. Na huyu anasema ni mkulima wa Isyonje. Mtunzi huyo, kesho atakuja na namba ya kuchangiwa.

Kamwene Ipogolo: Hata mimi hapo kwenye gunia nimeshtuka.

Mwana Uporoto: Sijaomba mia ya mtu. Mbegu zilikuwa viazi vikubwa, nilikata vipande.

Mzee wa Lumbesa: ULIKATA??? Hicho kisu ndicho kinachosambaza mnyauko shamba zima! Mbegu ni saizi ya yai, nzima!

Chai ya Rangi: Haya tuwekee picha ya shamba.

Mwana Uporoto: Picha inagoma kupanda, mtandao huku ni wa kubahatisha. Daftari la kwaya ninalo hapa mkononi. Siku natoa ile pesa niliandika "imeazimwa" na tarehe, kwa penseli. Jina sikuandika.

Chai ya Rangi: Penseli. Sawa, hiyo sasa nimeiamini, hakuna mtunzi wa kuwaza hiyo. Mwizi haandiki kabisa, na mkweli anaandika kwa wino, wewe uko katikati.

Mama Atu: Andiko ulilotaka ni Zaburi 32, mstari wa tatu. Daudi ananyamaza na mifupa inachakaa. Mistari ya ujasiri utasoma mia na usingizi hautakuja kama mkeo analala pembeni hajui. Nenda kwa mwenyekiti kabla ya hiyo Jumapili, ukiwa na hilo daftari na chochote kilichobaki.

Mwana Uporoto: Mama ni rahisi kusema. Kilichobaki ni gunia tatu za viazi. Na nimeshalipa nauli ya Tunduma.

Boda la Tunduma: Nauli ya Tunduma ndio inakufanya ukimbie kanisa?

*(baada ya saa nne)*

Mwana Uporoto: Nimemwambia mke. Nilidhani atapiga kelele, hakusema kitu. Kachukua daftari kaenda nalo jikoni, namsikia anamuuliza mtoto kalamu iko wapi. Gari ni saa kumi na moja, bado sijajua.

Chai ya Rangi: Lete mrejesho.

Mzee wa Lumbesa: Hizo gunia tatu usimpe dalali akujazie lumbesa, gunia limepita kipimo anakulipa kama moja. Nipo Uyole, nitafute inbox, ila kama zina ukungu usinidanganye.