Chai ya Kijapani: wageni wakikaa kushoto unafanyaje?

mwana_raskazone: Wadau habari zenu, tuko wachache hapa Tanga tunajifunza sherehe ya chai ya Kijapani, mtindo wa Urasenke, sasa chumba tulichopata Ngamiani mlango umekaa upande ambao wageni lazima wakae kushoto kwa anayeandaa badala ya kulia. Tunageuza kila kitu kama kwenye kioo au?

chumbageni01: Mkuu hiyo ipo kabisa, inaitwa gyakugatte, ile ya kawaida ni hongatte. Ila usigeuze KILA kitu! Fukusa, kile kitambaa cha kufutia vyombo, kinahamia kwenye mkanda upande wa kulia, na bakuli likiwa tayari unaliweka kushoto kwako maana ndiko mgeni aliko. Lakini kile kifagio kidogo cha mianzi cha kupigia chai unashika kwa mkono wa kulia vilevile, na kimono upande wa kushoto unabaki juu.

mwana_raskazone: Asante sana kaka, hapo kwenye mkono ndo palikua panatutesa

bi_mwambani: Nyongeza wanangu, shikeni hongatte kwanza mpaka mikono izoee yenyewe ndo mje hii, mkichanganya mapema mtababaika katikati na mgeni anawatazama, na mgeni ndo mwenye shughuli. Hata chumba cha kawaida unaweza kujifunzia, kaa tu ukigeukia upande mwingine. Na msitumie majani yetu ya Usambara tafadhali, pale inatakiwa matcha, unga wa chai ya kijani.