Tohara ya kichanga: kliniki ya daktari, hospitali, au tusubiri akue?

BabaMtarajiwa
Wakuu, salaam. Mke wangu yuko wiki ya 36 na tumeambiwa ni wa kiume. Kama atahiriwe au la, hilo tumeshalimaliza nyumbani. Tunachovutana ni wapi na lini. Mimi nataka atahiriwe hospitali palepale kabla hawajaruhusiwa. Mke wangu anataka kliniki ya daktari wetu, mtoto akifikisha wiki mbili hivi, kwa kuwa tumemzoea. Mama mkwe anasema mwacheni akue kwanza, kichanga gani huyo wa kushikiwa mkasi. Aliyepitia njia hizi atupe mwanga, hasa hiyo ya kliniki. Damu ikigoma kukoma, pale kuna nini?

mama_wawili
Hongereni sana. Mimi nimepitia zote mbili. Mkubwa alitahiriwa hospitali siku ya pili, mdogo akatahiriwa kliniki siku ya kumi na mbili. Kukata kwenyewe sikuona tofauti, ni dakika chache. Tofauti niliiona kabla ya kukata. Hospitali walimchukua, wakamrudisha kafungwa nepi, nikapewa karatasi ya maelekezo nikiwa bado nimechoka na hata kunyonyesha sijakuzoea. Kliniki daktari alimpima uzito, akamvua, akamkagua taratibu, akaniuliza kama alichomwa vitamini K alipozaliwa, na kama kuna mtu kwenye ukoo, wa kwangu au wa mume, ambaye akijikata au aking'olewa jino damu haikomi. Hospitali kama waliuliza, basi hawakuniuliza mimi.

Mzee_Subira
Mimi ni upande wa hospitali, na nina sababu. Mwanangu alitahiriwa kliniki, sitaitaja. Hata dakika kumi hazikuisha tukaambiwa tayari, nendeni. Tunafika nyumbani nepi imelowa damu. Kurudi, kliniki imefungwa. Tukakimbilia hospitali, akashonwa mshono mmoja tu, yakaisha. Mmoja! Ila ile safari ya gari siisahau mpaka leo.

Nesi_ZamuYaUsiku
Pole sana mzee. Ulichosimulia ndicho jibu la swali la baba. Kosa halikuwa kliniki, kosa ni kuruhusiwa kabla ya wakati. Baada ya kukata, mtoto akae palepale nusu saa mpaka saa nzima, nepi ifunguliwe na kukaguliwa zaidi ya mara moja. Damu nyingi za tohara hukoma kwa kubanwa na shashi dakika tano mpaka kumi. Isipokoma, panatakiwa uzi, sindano na mtu anayejua kushona hapohapo. Mambo hayo kliniki nzuri inayo.

Tusichukulie damu kirahisi lakini. Mtoto wa kilo 3.5 mwili mzima ana damu kama mililita 300 tu. Kiasi ambacho mtu mzima angefuta na leso, kwake ni habari nyingine. Ndiyo maana ya yale maswali aliyoulizwa mama_wawili: kichanga huzaliwa na akiba ndogo ya vitamini K, na bila hiyo damu haigandi sawasawa. Swali la ukoo ni kuwinda himofilia, ugonjwa wa kurithi ambao damu haigandi vizuri.

Sasa suala la mama mkwe, la kusubiri. Hapo kwa heshima zote ninampinga. Tathmini moja iliyochapishwa 2010, iliyokusanya tafiti za nchi nyingi, ilikuta matatizo kwa vichanga yakiwa kama asilimia 1.5, karibu yote madogo. Kwa watoto waliokwisha kukua ilikuwa kama asilimia 6. Takwimu kubwa za Marekani zilizotoka 2014 zilionyesha chini ya asilimia 0.5 kwa walio chini ya mwaka mmoja, na hatari ikapanda takriban mara 20 kwa wa mwaka 1 hadi 9. Mtoto akipita miezi miwili anakuwa na nguvu, hatulii, na govi limenenepa. Mara nyingi inabidi alazwe usingizi wa dawa na kushonwa. Mwongozo wa WHO wa 2010 unahesabu tohara ya kichanga ndani ya siku 60 za mwanzo, kwa mtoto aliyetimiza miezi yake na mwenye kilo 2.5 au zaidi.

BabaMtarajiwa
Nesi, asante. Huo usingizi wa dawa, yaani nusu kaputi, ndio unaonitisha kuliko kisu chenyewe.

Nesi_ZamuYaUsiku
Usikutishe kupita kiasi. Mwaka 2016 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilionya juu ya usingizi wa kurudiarudia, au wa zaidi ya saa tatu, kwa walio chini ya miaka mitatu. Wa mara moja na wa muda mfupi hauelekei kuwa na madhara. Ila kama unaweza kuukwepa kwa kuwahi, kwa nini usiukwepe?

Cha kuuliza kwa kichanga ni ganzi. Sindano ya lidokeini kwenye mizizi ya uume, isiyochanganywa na adrenalini, halafu isubiriwe ishike. Kuna ya kupaka, lakini inataka karibu saa nzima na haifikii ya sindano. Maji ya sukari ya kunyonya yanamtuliza mtoto, ila peke yake hayatoshi. Ukiambiwa "hawa wadogo hawasikii maumivu", mfunge nepi yake uondoke.

fundi_swali
Na vifaa je? Nimesikia kuna ya kubana na kuna ya pete.

Nesi_ZamuYaUsiku
Gomco ni kibano chenye kengele ya chuma. Kengele inaingia chini ya govi kukinga kichwa cha uume, kibano kinakazwa dakika kadhaa mishipa ijifunge, ndipo govi linakatwa. Udhaifu wake ni vipande: ukichanganya vya saizi tofauti hakikazi vizuri, damu inatoka. Mogen ni ya haraka kuliko zote, lakini haina kengele na anayekata hakioni kichwa cha uume. FDA iliwahi kutoa onyo juu ya vibano hivyo viwili mwaka 2000. Plastibell ni pete ya plastiki inayofungwa kwa uzi na kubaki na mtoto mpaka idondoke, mara nyingi siku ya 5 hadi ya 8. Ikiteleza ikabana shina la uume, ni kurudi siku hiyohiyo.

Ipi bora? Ile ambayo daktari wako anaitumia kila wiki. Mimi kuliko kuuliza jina la kifaa ningemuuliza amefanya wangapi, na wa mwisho ilikuwa lini.

Kipepeo77
Najua hamtaki kurudi kwenye lile la atahiriwe au la, ila nitasema moja nikae kimya. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani mwaka 2012 kilisema faida zinazidi hatari, lakini si kwa kiasi cha kupendekeza kila mtoto atahiriwe. Kwa hiyo "tusubiri" nalo ni jibu halali, mama mkwe asichekwe.

BabaMtarajiwa
Hachekwi, Kipepeo, tena kwa kumwogopa. Nimekusikia.

mama_wawili
Jamani msisahau siku za baadaye. Siku ya tatu niliona utando wa njano kwenye kidonda, nikampigia daktari saa tano usiku nalia, najua ni usaha. Akaniambia mama, hiyo ndiyo ngozi inapona, usiusugue. Paka mafuta ya mgando kila unapobadilisha nepi isigandie. Hapo kliniki ilinifaa kuliko hospitali, maana nilikuwa na namba ya aliyemkata, si namba ya mapokezi.

Nesi_ZamuYaUsiku
Sawasawa. Na hivi havisubiri asubuhi: hajakojoa kwa muda wa saa 12 tangu akatwe, joto limefika 38, wekundu unapanda kuelekea tumboni, au damu inadondoka badala ya kuacha doa. (Mafuta muulizeni daktari kwanza kama ni ya pete, maelekezo yake hutofautiana.)

Na kuna watoto ambao hawatahiriwi kliniki hata daktari awe bingwa: njiti, mwenye manjano au anayeumwa, na yule ambaye tundu la mkojo limekaa chini ya uume badala ya nchani. Huyo wa mwisho govi lake lisiguswe kabisa, mpasuaji atalihitaji kurekebisha tundu.

Mzee_Subira
Hilo la tundu sikuwahi kulisikia. Kwa kweli sisi hakuna aliyemkagua chochote.

BabaMtarajiwa
Wakuu, mrejesho. Jana tulienda kwa daktari na maswali yenu nimeyaandika kwenye simu. Anatumia Plastibell, hufanya kila Jumanne, anachoma sindano ya ganzi, na mtoto hatoki mpaka saa nzima iishe. Nilipomuuliza damu ikigoma, hakukasirika. Alifungua droo akatuonyesha nyuzi, akatutajia hospitali anayopeleka ikibidi. Kasema pia siku hiyo akimkuta na manjano au uzito haujatosha, anaahirisha.

Nimeshindwa, ni kliniki. Mama mkwe hajakubali bado, ila usiku alituuliza ile pete ikidondoka inatupwa au inatunzwa.