Tugawane lini?

Mwajuma: Shikamooni. Naandika upya leo katiba ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Mgao, yaani kugawana akiba mzunguko ukiisha, tuweke mwezi wa mavuno, kama wengi walivyosema?

Bi Zuhura: Marahaba. Usiweke mavuno mwanangu. Mavuno kila nyumba ina chochote, na pesa ya mgao inaishia kwenye madeni na sherehe. Weka wiki 3 kabla ya kupanda. Mbegu na mbolea hutaka taslimu, na mama asiye nayo ndiye anayekopa mbegu kwa ahadi ya magunia.

Mama Tatu: Halafu hesabu kurudi nyuma. Mzunguko ni miezi 12, mkopo ni miezi 3. Kwa hiyo mkopo wa mwisho utoke mwisho wa mwezi wa 8 wa mzunguko, urudi mwisho wa 11, wa 12 ubaki wa kufuatilia wachelewaji. Mkikopeshana mwezi wa 11, siku ya mgao mtafungua sanduku mkute majina ya wadaiwa tu 😂

Mwajuma: Na anayetaka mkopo wa mahindi? Miezi 3 hayajakauka.

Bi Zuhura: Ndiyo maana mgao unatangulia. Shamba lilimwe kwa mgao. Mkopo ni wa mboga, mayai, vitu vinavyorudisha pesa kila wiki.

Salma: Kugawana je? Kuna wanaotaka sawa kwa sawa.

Mama Tatu: Kwa hisa, dada. Pesa zote gawanya kwa hisa zote. Hisa 2,000 za 1,000 kila moja zikizaa sandukuni 2,400,000, kila hisa ni 1,200. Mwenye 60 anachukua 72,000. Mwenye deni anakatwa kwanza. Mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana kwenye shida, usiuchanganye humo kabisa.

Salma: Na bei ya hisa ikionekana ndogo katikati ya mwaka?

Mama Tatu: Haiguswi mpaka mzunguko uishe. Hisa za bei mbili hazigawanyiki kwa haki.

Bi Zuhura: Kufuli 3, funguo kwa watu 3 wa nyumba tofauti, sanduku kwa wa nne. Vitabu vya hisa vilale humo humo, kila mama kwa jina lake, si la mume. Hisa zigongwe mhuri: hata asiyesoma anazihesabu. Tarakimu huongezwa sifuri.

Mwajuma: Walioomba kujiunga wamefika 31.

Mama Tatu: Vikundi viwili. Wakizidi 25 kikao hakiishi, na watu wanaanza kumtuma mtoto alete pesa badala ya kuja wenyewe.

Mwajuma: Sawa. Kifungu cha mgao nakifuta, naandika wiki 3 kabla ya kupanda.