Mada: Fidia ya mikopo ya gari, jamani msisaini kwanza

Habari za jioni ndugu zangu. Samahani kama hili limeshaulizwa humu. Wiki nzima napigiwa simu na kampuni za klemu, wale wanaodai fidia kwa niaba ya watu kwa malipo, wananiambia nadai maelfu ya pauni kwenye gari tulilokopa 2017, nikubali tu kwenye simu mengine watafanya wao. Mume wangu anasema matapeli hao, mwenzangu kazini anasema yeye keshasaini na hela zinakuja. Nishike lipi? Na makaratasi ya lile gari sina, tumehama nyumba mara tatu.

Mama Ilham, Northampton

---

Mama Ilham usisaini kitu, nisome kwanza hata kama ni refu.

Fidia yenyewe ni ya kweli. Mimi 2015 nilikuwa kea, mhudumu wa wazee na wagonjwa wa kuzunguka majumbani, na bila gari shifti hupewi, kwa hiyo nilikwenda shorumu nikiwa na shida na yule dila, muuza magari, aliiona shida yangu usoni. Akaniambia hii ndiyo riba nafuu iliyopo kwa mtu kama wewe. Nikaamini, nikasaini PCP, ule mkopo wa gari unaolipa kila mwezi halafu mwisho unachagua kulirudisha au kulipa kilichobaki liwe lako, miaka mitatu nikilipa hata mwezi ambao shifti zilikuwa chache. Sikuambiwa kwamba yeye ndiye aliyekuwa anaipanga ile riba, na kwamba kadiri anavyoipandisha ndivyo kamisheni yake kutoka kwa kampuni ya mkopo inavyonona. Mpaka leo nikikumbuka naumia, maana nilimshukuru na mkono nikampa.

Mtindo huo wa kamisheni FCA, wale wasimamizi wa mambo ya fedha, waliupiga marufuku Januari 2021. Ila mikataba ya nyuma ilibaki hivyohivyo mpaka kesi zikafika Mahakama ya Juu, hukumu ikatoka tarehe 1 Agosti 2025. Walalamikaji walikuwa watatu na wengi tulidhani wote watashinda, haikuwa hivyo, mahakama ilikubali dai la mmoja tu, bwana Johnson. Kwake kamisheni ilikuwa kama pauni 1,650, yaani robo nzima ya pesa aliyokopeshwa na asilimia 55 ya gharama yote ya mkopo, halafu hakuelezwa ipasavyo. Mahakama ikasema uhusiano wa namna hiyo haukuwa wa haki. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba kila aliyekopa gari analipwa.

Oktoba 2025 FCA walitoa pendekezo la mpango wa fidia wa nchi nzima, kwa mikataba ya kuanzia 6 Aprili 2007 hadi 1 Novemba 2024. Walisema wakati huo mikataba kama milioni 14 ingeweza kuguswa na wastani ungekuwa kama pauni 700 kwa mkataba. Mia saba Mama Ilham, hayo maelfu unayoahidiwa kwenye simu yametoka wapi? Kwenye pendekezo hilo waliangalia kama dila alikuwa na uwezo wa kukupangia riba, au kamisheni ilikuwa kubwa kupita kiasi, au alikuwa amefungamana na kampuni moja ya mkopo bila kukwambia. Ni PCP na HP tu, yaani HP ni kununua gari kwa awamu mpaka liwe lako. Kama ulikuwa unakodi gari tu kwa lisi, au ulichukua mkopo wa kawaida benki ukaenda kununua, haumo.

Sasa hao wa klemu. Wengi wanakata asilimia 30 na VAT juu yake. Kwenye pauni 700 hiyo ni 210, ongeza VAT 42, jumla 252 zimeondoka kwa kazi ya kuandika barua pepe moja ambayo wewe mwenyewe unaandika ukiwa unasubiri basi. Mpango wa FCA ni bure, wakili huhitaji. Mwenzako wa kazini kama amesaini juzijuzi mwambie ana siku 14 za kujitoa bila kulipa, zikipita wanaweza kumdai malipo ya kazi waliyokwishafanya.

Unaandikia kampuni iliyokupa mkopo, siyo dila. Sema unalalamikia kamisheni ambayo hukuelezwa, uliza ilikuwa kiasi gani, weka jina lako kamili, tarehe ya kuzaliwa, anwani uliyokuwa ukiishi wakati ule na namba ya gari kama unaikumbuka. Namba ya mkataba si lazima, watakutafuta. Kama hata jina la kampuni umelisahau angalia ripoti yako ya krediti, mkopo uliofungwa unakaa humo miaka 6, kwa hiyo la 2017 huenda bado lipo. Langu lilishafutika, nililipata kwenye barua pepe ya zamani. Usishangae wakichelewa kujibu, FCA waliwaruhusu kusimamisha majibu kwa muda, lakini pendekezo la Oktoba 2025 lilikuwa kwamba waliolalamika mapema washughulikiwe mapema.

Na akipiga mtu anasema fidia yako iko tayari ataje tu akaunti, kata simu.

Baba Neema, Leicester

---

Shikamoo Baba Neema. Mimi nilirudi Tanga 2022 moja kwa moja, ila nililipa HP miaka minne nikiwa Reading. Ndiyo nimeshapoteza?

---

Marahaba mwanangu. Hujapoteza, mkataba ulikuwa wa Uingereza na lalamiko ni barua pepe, andika hukohuko Tanga. Waeleze anwani ya Reading ndiyo ya wakati ule na uwape anwani mpya na simu, wasije wakatuma barua kwenye nyumba ambayo sasa anakaa mtu mwingine. Akaunti yako ya benki ya huku usiifunge kama bado unayo.

Baba Neema

---

Nimetuma usiku huu. Nimefungua ripoti ya krediti nimekuta na gari la pili, la mume wangu lile la 2018 tulilolirudisha, jina la mkopo ni langu. Kwa hiyo nimeandika barua mbili, kila kampuni yake. Mwenzangu wa kazini amesaini siku tisa zilizopita, nimempigia saa hiihii, anajitoa kesho asubuhi kabla ya shifti.

Mama Ilham